Riba ikipanda tunaandikiwa, ikishuka kimya

Mhariri,

Nauza mitumba soko la Kibuye, hapa Kisumu. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, na belo la suruali nililozoea kununua likanishinda. Februari Benki Kuu ikapandisha riba yake, ile inayoongoza riba za mikopo ya benki, hadi asilimia 13, serikali nayo ikalipa mapema sehemu kubwa ya deni la Eurobond, yaani mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, na shilingi ikaimarika hadi karibu 130. Kwa hilo nawashukuru kwa dhati.

Agosti 2024 Benki Kuu ilianza kuteremsha riba hiyo. Kufikia Juni 2025 ilikuwa asilimia 9.75. Mimi sijaonja nafuu hiyo. Barua ya mkopo wangu imechakaa mikunjoni kwa kufunguliwa kila mara. Riba ilipopanda, benki yangu iliniandikia upesi. Iliposhuka, kimya. Jioni nikifunga kibanda nahesabu marejesho kwanza, pesa ya unga baadaye.

Naiomba Benki Kuu izibane benki ziwapunguzie riba hata wakopaji wa zamani, wala si wateja wapya pekee. Sisi ndio tuliobeba makali ya ile asilimia 13.

Mfanyabiashara,
Kibuye, Kisumu.