Barua kwa Mwanangu: Siku Tuliyokwenda Fourteen Falls kwa Pikipiki

Nairobi, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba zamu za usiku zimekupungukia kidogo. Uliponipigia simu Ijumaa ukaniomba nisiende kwenye maporomoko ya Fourteen Falls kwa pikipiki, nilikukatiza maneno kwa kuwa nilikuwa nikitafuta glovu zangu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijilaumu. Wewe ndiye unayefunga bendeji wodini, wewe ndiye unayewapokea vijana wa bodaboda wakiletwa na miguu iliyovunjika, na mtu anayeyaona hayo kila wiki ana haki ya kumuuliza mama yake wa miaka 52 anatafuta nini juu ya pikipiki. Nimeketi basi nikueleze siku yenyewe ilivyokwenda, pamoja na sehemu ambayo huenda usiipende.

Tulikutana saa kumi na mbili na nusu asubuhi katika kituo cha mafuta kando ya barabara kuu ya Thika, wanawake 11, wengine wakiwa na pikipiki kubwa ambazo mimi siwezi hata kuzisogeza, na wengine, kama mimi, wakiwa na zile ndogo za injini ya cc 150 ambazo wewe huziita za bodaboda. Hatukuondoka mara moja. Kiongozi wetu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, alizungukia pikipiki moja baada ya nyingine akikagua taa, breki na upepo wa matairi. Alipofika kwangu alichuchumaa, akaisukuma cheni juu na chini kwa kidole, akaiona inacheza kupita kiasi, na hatukutoka pale mpaka ilipokazwa. Kila mmoja alikuwa amevaa kofia ngumu, jaketi nzito na viatu vinavyofunika vifundo vya miguu. Nakueleza haya kwa makusudi, kwa sababu wale unaowapokea wodini wengi wao hawakuwa na hata kimoja kati ya hivi.

Njiani hatwendi bega kwa bega, wala hatufuatani mstari mmoja kama siafu. Kiongozi hukaa upande wa kulia wa njia yetu, wa pili hukaa kushoto nyuma yake, wa tatu kulia tena, na hivyo hivyo hadi mwisho, ili kila mmoja awe na nafasi ya kukwepa shimo na muda wa kufunga breki bila kumgonga mwenzake. Aliye mgeni huwekwa wa pili, nyuma tu ya kiongozi, na msafara mzima hulazimika kwenda kwa mwendo wake. Mgeni nilikuwa mimi. Sijui kama nitaweza kukueleza vizuri nilivyojisikia kuona wanawake wenye pikipiki za kwenda mara mbili ya yangu wakitulia nyuma yangu kwa kilomita 40, wala asiwepo hata mmoja wa kunipigia honi. Kiongozi akiona shimo, huunyoosha mguu upande lilipo, nami huunyoosha wangu, na ishara hiyo hupita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine mpaka kwa yule anayefunga msafara. Na ukitazama kioo usimwone aliye nyuma yako, unapunguza mwendo. Aliye mbele yako naye atakukosa wewe, atapunguza vilevile, na habari itafika mbele bila mtu kupiga simu.

Thika tulikunywa chai, tukashika barabara ya Garissa katikati ya mashamba ya mananasi yasiyokwisha, huku mlima wa Ol Donyo Sabuk, ambao wenyeji huuita Kilimambogo, ukikua polepole mbele yetu. Kwenye kila njia panda mmoja wetu alibaki akielekeza kwa mkono mpaka wa mwisho apite.

Sasa nifike pale nisipotaka kufika. Katika kile kipande cha mwisho cha barabara ya vumbi, karibu kabisa na mto, nilianguka. Nilikuwa nikikata kona kwa mwendo wa mtu anayetembea, gurudumu la mbele likaingia kwenye mchanga, nami kwa woga nikaibana breki ya mbele, ile ya mkononi, ilhali usukani umepinda. Pikipiki ililala upande wa kulia, nami nikalala nayo. Nilitua kwa kiganja. Glovu ilichanika kutoka kwenye kidole gumba hadi kwenye kifundo cha mkono, lakini kiganja chenyewe kilikuwa chekundu tu. Nimekuwekea ile glovu, utaiona ukija.

Vijana wawili walikuja mbio kuniinulia pikipiki. Kiongozi akawashukuru kwa adabu, akawaomba wasubiri, akaniambia nizime injini, niingize gia ili isiteleze, nishushe stendi mapema, kisha niipe pikipiki mgongo. Nilichuchumaa, makalio yakiwa kwenye kiti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye chuma cha nyuma, nikawa nasukuma kwa miguu, hatua fupi fupi za kurudi kinyumenyume. Iliinuka, mwanangu. Kilo zaidi ya 100 ziliinuka kwa miguu hii hii unayoniambia niipumzishe. Nililia kidogo ndani ya kofia, na wenzangu waliniacha nilie.

Maporomoko yenyewe ni mazuri kuliko picha zake. Mto Athi unafika kwenye ukingo wa mwamba, unagawanyika mikondo 14, na yote inaanguka sambamba kwa kishindo unachokisikia kifuani. Tulivushwa kwa mashua, tukakaa juu ya mawe na kula chapati na mayai. Lakini maji ni ya kahawia, yana povu jeupe lisiloyeyuka, na upepo ukigeuka huleta harufu ya mtaro, kwa sababu Mto Nairobi humwaga uchafu wetu sote humo kabla ya kufika hapo. Nilibaki nikilitazama lile povu kwa muda mrefu. Mto huu ndio ukifika chini unaoitwa Galana, kisha Sabaki, ndio unaoingia baharini karibu na kwa nyanya yako Malindi, na ndio unaoifanya bahari yetu iwe ya udongo wakati wa mvua. Utotoni nilikuwa nikimuuliza udongo ule unatoka wapi. Ilinichukua miaka 40 na pikipiki moja kwenda kuona, na nimempigia simu leo asubuhi kumwambia.

Tuliondoka saa nane mchana ili giza lisitukute barabarani pamoja na malori. Nilirudi nikiwa wa pili vilevile, bega likiniuma, nami sikuibana tena breki ya mbele kwenye mchanga.

Siwezi kukuahidi kwamba sitaanguka tena. Ninachokuahidi ni kwamba sitatoka usiku, sitatoka peke yangu kwenda mbali, wala sitapanda bila mavazi kamili hata kama ninakwenda dukani tu. Ukiona hayo hayatoshi niandikie, nami nitakusikiliza. Safari hii sitakukatiza.

Nina ombi moja. Ukifunga chuo, ningependa uje tuende Thika tu, hadi pale Mto Chania unapoporomoka, wewe ukiwa nyuma yangu. Chukua utepe wa fundi cherehani, uzungushe kichwa juu kidogo ya nyusi na kupitia pale kichogo kinapotokeza zaidi, uniandikie ni sentimita ngapi. Usuke nywele za kulala kwanza ndipo upime, maana kofia nitakayokununulia haitakiwi kucheza hata kidogo.

Mama yako akupendaye