Abunusi yenye michirizi si mbao mbovu

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu kwa miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Makala yenu kuhusu mbao za magitaa imerudia maneno "mbao adimu" kwa fahari, kana kwamba uadimu unaongeza utamu wa sauti, kisha ikamtuliza msomaji kwamba siku hizi mbao zote ni "endelevu". Mimi ni fundi wa kukarabati magitaa. Mbao hizo ziko mikononi mwangu kila siku, na makala ile imenikera.

Mliisifu kuliko zote rozwudi ya Brazili, kwa jina la kisayansi Dalbergia nigra, mti wa Msitu wa Atlantiki. Mngesema pia kwamba tangu 1992 mti huo umo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, yaani orodha yenye masharti makali kuliko zote, na kwamba ulifikishwa huko na shoka. Mwandishi wenu anasema masharti "yamelegezwa". Yapi? Januari 2017 aina nyingine zote za Dalbergia, jamii ya rozwudi, ziliingizwa Kiambatisho cha Pili, orodha ya biashara inayohitaji vibali, wanamuziki na watengenezaji wakahangaika na vibali, na Novemba 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa zikasamehewa. Magogo na mbao hazikusamehewa. Rozwudi ya Brazili haikuguswa kabisa na msamaha huo. Kupunguziwa makaratasi hakujaotesha mti hata mmoja.

Lakini lililoniuma zaidi ni sentensi yenu kwamba abunusi "safi" ni ile nyeusi tititi. Sentensi kama hiyo inaangusha miti. Abunusi ya Kameruni, ambayo ndiyo hubandikwa juu ya shingo za magitaa mengi mazuri, hukua polepole mno, na rangi ya moyo wake haijulikani mpaka mti ulale chini. Mwaka 2011 kampuni ya magitaa ya Taylor ya Marekani, pamoja na Madinter, wauza mbao wa Hispania, ilinunua kiwanda cha mbao hizo kule Yaoundé, mji mkuu wa Kameruni. Bob Taylor mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, akaja kusimulia aliyoyakuta: wakataji walikuwa wakiangusha miti mingi ili wapate mmoja mweusi mtupu, na ile yenye michirizi ya kahawia wakiiacha ioze msituni, kwa sababu hakuna aliyekubali kuinunua. Mti uliochukua miaka mingi kukomaa unatupwa kwa sababu ya doa! Na doa lenyewe halipunguzi ugumu wala uzito, halikwaruzi kidole, halibadilishi noti ya muziki hata moja. Walioikataa hawakuwa wakataji wala wanakijiji. Tulioikataa ni sisi tunaopiga, tunaouza na tunaoandika.

Nasema hivyo kwa sababu yamenikuta. Mteja mmoja aliniletea gitaa ambalo ubao wa shingo ulikuwa umelika hadi mashimo. Nikamchongea mwingine wa abunusi, mgumu, mkavu, uliotulia, wenye mchirizi mmoja wa kahawia karibu na mwisho. Alipouona akaniambia nimemwekea mbao ya bandia. Nikampa historia yote hii niliyoandika hapa, akanisikiliza kisha akachukua gitaa lake na kuondoka. Baadaye alilipeleka kwa mtu aliyeupaka ubao ule wino mweusi, akarudi kunionyesha kwamba sasa ni abunusi ya kweli. Ubao ni uleule nilioubandika mimi. Sikuwa na la kumjibu, na kusema kweli sikumlaumu sana, maana maelezo ya namna ya makala yenu ndiyo yaliyomfundisha.

Kuhusu sauti mmeyumba pia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster mwaka 2018 waliwapa wapigaji 52 magitaa sita yaliyotofautiana kwa mbao za mgongo na mbavu, yaani za nyuma na za pembeni, tu, huku wakizuiwa kuona. Alama zilikaribiana mno, mbao ghali na mbao rahisi. Antonio de Torres, fundi magitaa mashuhuri wa Hispania, alilijua hilo tangu 1862, alipotengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi iliyogandishwa kwa gundi. Kinachobeba sauti ni uso wa gitaa, ule ubao wa mbele, na hapo makala yenu haikuandika neno. Uso wa magitaa mengi ya nyuzi za chuma ni sprusi ya Sitka, mti wa jamii ya misonobari, kutoka misitu ya Alaska na British Columbia, na vipande vipana visivyo na fundo hupatikana kwenye miti mikubwa, ya miaka mingi sana. Nani anaiulizia hiyo?

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, kuna hili la magitaa yanayotupwa. Shingo ikipinda kidogo, daraja linaloshikilia nyuzi likibanduka, muuzaji anamshauri mwenye gitaa anunue jipya. Baadhi ya viwanda hubandika shingo kwa gundi isiyoachia kwa joto, hivyo kazi ambayo ingekwisha haraka inageuka ya kupasua mbao. Mahogani ya magitaa hayo, iliyokwisha kukatwa, inaishia jalalani, halafu tunajadili uendelevu.

Ninachopendekeza ni kidogo. Kila gitaa liwe na karatasi ndani, inayosomeka kupitia tundu la sauti, yenye jina la kisayansi la mti wa kila sehemu, nchi ulikokatwa, na aina ya gundi iliyoshikilia shingo. "Rozwudi" peke yake isikubaliwe, kwa sababu jina hilo hubandikwa hata kwa miti isiyo na undugu. Muuzaji asiyejua mbao yake imetoka wapi aandike hivyo hivyo, kwamba hajui. Madukani, abunusi yenye michirizi iuzwe kwa bei ileile ya nyeusi. Nanyi, Mhariri, chapisheni sahihisho la ile sentensi ya abunusi "safi" kwa maandishi ya ukubwa uleule mliotumia kwenye makala, na mtumeni mwandishi wenu akazungumze na mafundi kabla hajaandika tena kuhusu mbao.

Fundi gitaa