Mwambie Shemeji Mlima Haukimbii

Usa River,
Jumapili jioni

Shoga yangu Mama Sabra,

Shikamoo, maana umenizidi miezi miwili na hukubali mtu asahau. Huku hatujambo. Masika yanaishiaishia na baridi imeshaanza kubisha hodi. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia, fundi anasema nimpe wiki, na wiki ya fundi unaijua. Kwa hiyo nimerudia kalamu kama enzi za bweni. Barua hii inakuja na mkungu wa mshare na yale maharage. Konda atakupigia, na usimpe hata shilingi, nimeshamalizana naye.

Ile sauti yako ya dakika nane niliiwahi kabla simu haijazama. Watoto kuja mwezi wa sita, karibuni, magodoro yapo. Ila hapo uliposema shemeji anataka wapande Meru mpaka vibanda vya Miriakamba "wapate kukomaa", nilisimamisha kufua. Miriakamba iko juu ya mita 2,500, Mama Sabra! Kutoka geti la Momella ni kupandisha masaa manne, matano, na hapo ni mtu mzima mwenye pumzi. Kitinda mimba wako ana miaka sita. Mwaka jana si ndiye aliyelia kutoka stendi hadi kwa Mama Mchungaji, na kule ni tambarare?

Nasema hivi kwa sababu sisi tumeenda, kutembea kwa miguu Hifadhi ya Taifa ya Arusha, humo humo mlima ulimo. Ndiyo, mimi. Cheka kwanza umalize. Najua utarudia yale uliyosema kwenye send-off ya mdogo wake Upendo, "yaani unatoa hela ili utembee kwa miguu?" Hata mama hakunielewa. Yeye barabara ile ya Ngare Nanyuki inayokatiza hifadhini ameitembea na debe kichwani, nyati akiwa karibu wanasubiri apite, hakuna aliyemkatia risiti. Nilipomwambia tumelipia tukatembea, aliniuliza, "Mlikuwa mnapeleka nini?" Nikamjibu hatukuwa tunapeleka kitu. Akarudi kwenye mchele wake, anachambua. Na babu alikuwa mmoja wa waliohamishwa na mkoloni Ngare Nanyuki mwaka 1951, ile kesi ya ardhi ya Wameru iliyompeleka msemaji wao Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa, kwa hiyo kwa mama neno "kulipa" likikaa jirani na neno "ardhi"... basi, hayo tutayaongea jikoni.

Tulitoka Jumamosi mimi, Baba Joshua, wanetu wawili Joshua na Neema, na yule mtoto wa jirani anayekula kwangu kuliko kwao. Kabla hamjafika moyoni mwa hifadhi mtapita uwanda wa Serengeti Ndogo, na hapo hapo, hata hujazoea kiti, pundamilia. Watoto walipiga kelele mpaka dereva akafunga redio. Getini usije na noti zako kwenye pindo la kanga, wanataka ulipe kwa simu au kwa kadi. Njoo na kitambulisho chako cha NIDA pia, wasikuhesabu mgeni, maana bei ya mgeni utauza friji.

Safari ya miguu, sisi tulikuwa tunaelekea maporomoko ya Tululusia, ni lazima uende na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa ajili ya nyati. Simba humo hawamo, mwambie Sabra asiogope. Chui wapo lakini wana aibu zao. Tulipewa kijana mmoja mpole, akatupanga mstari mmoja, watoto katikati, akasema hakuna kukimbia na hakuna kupiga mayowe. Tukavuka kijito, tukatokea kwenye uwanda wa majani mafupi, nyati wamelala kama ng'ombe wa mtu, ngiri wamepiga magoti wanakula. Twiga mmoja alikuwa karibu kiasi kwamba tulimsikia anavyochana majani ya mgunga kwa ulimi. Joshua, ambaye nyumbani hanyamazi hata akiwa usingizini, alinishika mkono akanong'ona. Nilitaka kulia, sijui kwa nini.

Halafu kiatu. Raba za Neema nilizonunua mnadani, mpya kabisa kwa macho, zilifika katikati ya ule uwanda, soli ya kulia ikaachama mdomo kama kiboko. Mtoto anatembea, kiatu kinapiga makofi. Nikachana pindo la kanga, ile ya harusi ya Upendo, nikapiga magoti nafunga. Yule askari akasimama ametupa mgongo, macho kwa nyati, bunduki begani, anasema taratibu tu, "Funga vizuri mama, hatuna haraka." Baba Joshua ndiye alikuwa na haraka. Alikuwa anaangalia saa! Nikamwambia, wewe unawahi wapi, una kikao na maporomoko?

Hapo ndipo nilipomkumbuka shemeji. Wanaume hawa, ukiwatajia mlima wanataka kileleni. Meru ina mita 4,566, mwache apange mwaka wake aende na wenzake wa kazini, alale vibandani, arudi anachechemea tumsifu. Watoto waende maporomoko ya Tululusia. Ni mwendo wa saa moja na kitu kwa mtu mzima. Sisi tulitumia karibu masaa matatu kwenda tu, maana kila kinyesi kilisimamiwa kikao. Neema sasa anajua cha twiga na cha pundamilia na anamfundisha bibi yake wakati wa kula. Kwenye msitu kuna mbega, wale weusi wenye mashuka meupe, wanaruka juu kama wameachiliwa shule. Kwenye maporomoko yenyewe tulikula viazi na mayai, tukalowa kidogo, tukarudi. Hakuna aliyeulizia kilele.

Wakati tunapumzika yule askari akawasimulia watoto kwamba kama miaka 8,000 iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka, mawe na tope vikamwagika mpaka chini, na maziwa ya Momella yamekaa kwenye mashimo ya kifusi kile. Mara ya mwisho mlima kutoa majivu ni mwaka 1910. Joshua akauliza, "Na tena ni lini?" Kijana wa watu akacheka, na alipocheka nikaona meno. Ya kahawia, kama yangu. Nikacheka na mimi, akaona. "Ngare Nanyuki?" Nikamwambia, "Ngare Nanyuki." Tumenyonya maji mamoja! Unakumbuka bwenini matroni alivyonisimamisha mbele ya watu akasema sipigi mswaki? Kumbe ni floraidi, maji yanayotoka kwenye miamba ya Meru yanayo nyingi mno, yanayachoma meno ya mtoto yakiwa bado hayajaota. Kwa hiyo njoo na maji ya kunywa ya kutosha, wanao wana meno mazuri.

Mchana tukazunguka maziwa kwa gari. Yako saba na kila moja na rangi yake, hili kijani, lile kama chai ya maziwa, maji ni ya magadi. Heroe, wale ndege wa miguu mirefu, walikuwa mbali, mstari mwembamba wa waridi ng'ambo, Neema akadhani ni nguo zimeanikwa. Ziwa Momella Ndogo wanapiga kasia kwa mitumbwi. Sisi hela ilikuwa imekata, lakini kwa Sabra naona ingefaa.

Sasa nijibu kwa simu ya Baba Joshua, au andika. Mnakuja wiki ya kwanza au ya pili? Mama mkwe naye yumo? Kama yumo, magoti yake yanaendeleaje, maana yeye anaweza kubaki kwenye gari na kuona twiga vile vile. Shemeji ameshasema na nani hiyo habari ya Miriakamba, au bado ni ndoto zake tu? Watoto wana masweta, siyo ya Dar, masweta? Na yule wa benki, amerudisha ile hela yako au bado anakuita dada?

Mwisho, ombi. Raba za Sabra zilizombana, zile namba 33, bado zipo au umeshampa Mwanahamisi? Kama zipo zitie kwenye boksi hili hili konda anirudishie. Neema hataki kutoa ile kanga kwenye kiatu, anasema ndiyo ya kupandia mlima, na kesho kutwa ni shule.

Wako yule yule,
Mama Joshua

Mshare upike mapema. Chana la chini nimeliona linaanza kugeuka rangi.