Kinyume hakigeuzi herufi

Mhariri,

Kinyume, usemi wa siri wa watu wa pwani, mara nyingi hutajwa pamoja na Sheng, lugha ya vijana wa mijini Kenya, kana kwamba ni kitu kimoja, tena huelezwa kuwa ni kulisoma neno kutoka mwisho, herufi kwa herufi. Si hivyo. Kwa njia hiyo "kitabu" lingekuwa "ubatik", neno lisilokaa katika ulimi wa Mswahili. Kinachohama ni silabi ya mwisho: hukatwa ikawekwa mbele. Kitabu huwa bukita, sukari risuka, na nyumba huwa mbanyu, maana "mb" haitenganishwi. "Ficha pesa, mgeni amekuja" husemwa "Chafi sape, nimge jaameku."

Silabi moja tu imehama, lakini asiyejua hupotea kwa sababu mkazo nao umehama. Katika kitabu uko kwenye "ta"; katika bukita uko kwenye "ki". Sikio letu limezoea kuutegemea mkazo huo kujua neno linaishia wapi.

Mianya ipo. Baba, mama, dada, kaka na bibi hayabadiliki kabisa, kwa hiyo dada akisengenywa atasikia anatajwa. "Na" lina silabi moja, halina pa kukatwa. "Mtu" linatoa "tum", na ulimi hukwama kwenye konsonanti ya mwisho. Mwanafunzi hushindwa zaidi kwenye vitenzi virefu: katika "usimwambie" lazima "e" itangulie, "eusimwambi", yaani neno zima liwe limeshatungwa kichwani kabla kinywa hakijafunguka. Hapo ndipo kasi ya mzoefu humwacha mbali.

Sheng ni jambo jingine. Hiyo hubadili msamiati: pesa ni "doo", polisi ni "karao", na neno likishajulikana na wengi, vijana hubuni lingine. Kinyume hakina hata neno moja la kwake; ni kanuni tupu, kwa hiyo hakiwezi kuhifadhiwa katika kamusi. Askofu Edward Steere alichapisha mifano ya Kinyume cha Unguja katika karne ya 19, lakini maandishi hayaonyeshi kasi wala mkazo.

Tunaviomba vyuo na redio zetu ziwarekodi wazee wanaokimudu, wakizungumza wawili wawili kwa mwendo wao wa kawaida, na kila sentensi iandikwe pamoja na Kiswahili chake chini yake.

Walimu wa Kiswahili,
Tanga