Mwanangu, kuhusu hilo pambano la ugenini

Mwanangu,

Huku salama, wadogo zako wazima. Nimesikiliza voisi yako ya jana nikairudia tena, kwamba promota kakupa pambano la raundi 10 huko nje, wiki tatu tu zimebaki, na mpinzani hajawahi kupigwa, karibu wote kawamaliza kwa KO, yaani kawaangusha wasiinuke. Hela nzuri, naiona. Ila baba angu nisikilize kwanza kabla hujasaini.

Watu wanasema bondia asikutane na wakubwa mapema. Mi siwaungi mkono moja kwa moja, inategemea ni mkubwa wa aina gani. Lomachenko, yule bondia wa Ukraine, pambano lake la pili tu la kulipwa, Machi 2014, aligombea mkanda wa dunia na Salido, tena Salido alizidi uzito, Lomachenko akapoteza kwa pointi na pambano lililofuata akawa bingwa. Canelo naye 2013 ana miaka 23 Mayweather alimchezea raundi 12 nzima, akatoka kafundishwa ila hajaumizwa, leo unajua alipofika.

Sasa katafute Fernando Vargas na Félix Trinidad, Desemba 2000. Vargas bingwa wa dunia, mapambano 20 hajapoteza hata moja, miaka 23 bado hajatimiza, wakamuweka na mtu mwenye ngumi nzito kuliko wote uzito ule. Raundi ya 1 kaanguka mara 2, kainuka, ya 4 akamwangusha Trinidad mwenyewe, na hapo ndo pananiuma, kwa sababu ule moyo ndo uliomuweka pale akaendelea kula makonde hadi ya 12, akaanguka mara 3 tena ndo refa akamaliza. Hakurudi kuwa yule Vargas. Kushindwa kwa pointi unarudi jimu Jumatatu, lakini kipigo cha namna ile unakaa nacho mwilini.

Na we una moyo huohuo, nimekuzaa nakujua. Juzi umetoka sparingi, hayo mazoezi ya kupigana, na yule aliyekuzidi kilo, ukala wali kwa upande mmoja wa taya, nikikuuliza unasema haiumi.

Najua utaniambia Mwakinyo, bondia wetu. Kweli kabisa, Septemba 2018 kaenda Birmingham kammaliza Mwingereza Eggington raundi ya 2, nchi nzima tulishangilia. Lakini wale wetu wengine wanaoitwa ghafla, wanashinda njaa kukata kilo wafike uzito unaotakiwa, wanapanda ulingoni hata usingizi wa safari haujaisha, wanarudi na KO na rekodi imechafuka, hao nani anawaimba? Promota wa kule ana kijana wake anamjengea jina, anataka mtu wa kumpa ushindi, wewe hakujui hata mwendo.

We hujawahi kuvuka raundi 6. Pumzi ya raundi 10 haipatikani kwa wiki tatu huku unakata kilo, hilo kocha wako analijua, na mbona hajasema kitu? Mwambie anipigie leo, hata usiku nitapokea.

Wakikutaka kweli wakupe miezi miwili na raundi 8. Wakikataa waache, mapambano yapo. Mkataba upige picha kurasa zote umtumie mjomba wako, na mi nitumie video za mapambano ya mwisho ya huyo kijana, nataka nione waliopigwa walipigwaje.

Mama yako