Kabla hujampulizia yule mdudu wa madoadoa, mlete kwanza dukani

Jamani wiki hii simu haijapoa. Kuna picha imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Masasi, kadudu kekundu kenye madoadoa meusi, eti kameshavamia nchi nzima na kakiingia shambani hakaachi kitu, sasa mtu anakuja mbio "kaka nipe dawa ya yule mdudu" na ukimuuliza umemuona kwako anasema bado. Dawa za wadudu ninazo hapa dukani, ningeuza tu nikanyamaza, ila mwisho wa siku utarudi kunilalamikia mimi.

Mdudu wa kwenye picha yupo kweli. Wataalamu wanamwita Harmonia axyridis, asili yake Asia, na hakujileta, watu wa Marekani na Ulaya ndio walimchukua makusudi awalie vidukari mashambani, vile vidudu vidogo vinavyofyonza utomvu wa mimea. Uingereza akaonekana 2004, kusini mashariki huko, na ndani ya miaka kama kumi akawa ameshaenea karibu England na Wales yote. Afrika Kusini alipatikana 2001, na majirani zetu Kenya wameshamuona. Lakini huyo sio mla majani! Balaa lake ni ulafi, vidukari vikiisha anageukia mayai na watoto wa wadudu wenzake, wale wenyeji wanapungua. Na wakati wa baridi kali wanaingia majumbani kwa mamia kujificha, ukimshika anatoa kimaji cha njano kinachonuka, mapazia yanachafuka. Hiyo ya mapazia kwa joto letu hili sidhani kama itatuhusu.

Sasa shida yetu sisi. Juzi kaja mama mmoja wa Ndanda na chupa ya maji ya nusu lita, ndani kuna majani ya tikiti yamekwanguliwa mpaka yamebaki mishipa kama chandarua, na vidudu vinne. Nikachukua lensi tukaangalia wote pale kaunta: rangi imefifia haing'ai, mgongoni kuna vinyweleo kama vumbi, madoa tukahesabu 12. Huyo sio yule wa kwenye picha, huyo ni mla majani, ndio mwizi wenyewe, na watoto wake ni wa njano wana miibamiiba. Mama nikampa dawa, nikamwambia apulizie jioni nyuki wakishalala, na asiguse tikiti mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe.

Baada yake akaja kijana wa kunde, naye kabeba wa kwake kwenye kiberiti. Huyu anang'aa kama kapakwa mafuta, mweusi mwenye mabaka ya chungwa, na ukimwangalia harakaharaka unaapa ni ndugu wa yule wa kwenye picha, kumbe ni wa hapahapa siku zote anatusaidia kula vidukari bure. Kibaya zaidi kijana alishaponda watoto wake karibu wote, maana wanatisha, wana umbo la mamba mdogo, weusi wenye michirizi ya chungwa, hakuna anayefikiria kwamba hao ndio walinzi. Kijana sikumuuzia kitu. Mi mwenyewe msimu wa juzi niliwahi kupuliza kunde zangu zote kwa hasira, wakafa wazuri na wabaya, wiki mbili baadae vidukari wamerudi wamejaa kuliko mwanzo na hakuna wa kuwala.

Kwa hiyo utaratibu wetu dukani ni huu: mlete mdudu, mzima au amekufa sawa tu, pamoja na jani alilokutwa nalo maana jani ndio linaongea zaidi. Kuangaliwa ni bure hata kama hununui. Ukiwa mbali piga picha kwa juu, karibu, mwanga wa kutosha, sio zile za usiku na tochi ya simu. Akitushinda tunawauliza wataalamu wa TARI Naliendele, kile kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara. Na tafadhali chupa uitoboe kwa juu, jana kuna mtu kaleta uji.