Mzee alinishika mkono mpaka penalti ya mwisho

Ndugu yangu,

Mambo vipi huko, natumai joto limepungua na bosi wenu ameacha ile tabia ya kuwafungia simu kwa kabati mkiingia kazi ya usiku. Najua ndo sababu hukuiona mechi ya Kongo na Nigeria. Asubuhi yake nilikutumia voisi ukasema husikii kitu, ni kweli, sauti ilikuwa imeisha kabisa. Sasa nimekaa nikuandikie pole pole maana ndani yake kuna neno la mzee wako, na neno hilo siwezi kulisukuma kwa voisi ya dakika moja.

Unajua sisi Cranes, timu yetu ya Uganda, safari yetu ya kutafuta Kombe la Dunia iliisha Oktoba. Mukwala alifunga mapema kule kwa Algeria, tukaruka, tukamwaga chai, afu mwishoni Amoura akatupiga penalti mbili, 2-1, basi. Tukawa wa pili kwa kundi ila hatukuingia kwa wale wa pili wanne bora walioenda kucheza Morocco. Nigeria, Gabon, Cameroon na Kongo ndo wakaenda. Kwa hiyo kuanzia hapo huku Mpondwe mpakani kila mtu akawa Mkongomani, hata wale wanaouza nyanya ambao mpira hawaujui. Mbemba alipowatoa Cameroon na lile bao la dakika ya 91 soko zima kesho yake lilikuwa linaongelea kona ile.

Fainali ya huko Morocco, Kongo na Nigeria, ilikuwa Jumapili 16 Novemba 2025, saa nne usiku saa zetu. Mida ya saa tatu nikapita kwenu kuona kama mzee amekula, nikamkuta amekaa kitandani amevaa koti lake lile la kahawia, viatu miguuni. Akaniambia, "Nipeleke kwa kibanda cha mpira." Nilishtuka bana. Tangu 2019 hajawahi kukanyaga kibanda, na mimi na wewe tunajua kwa nini. Siku ile Uganda tulipowapiga Kongo 2-0 kule Cairo, Kaddu moja, Okwi la pili, wewe umevaa jezi ya Cranes unamwimbia baba yako usoni na mimi nakusaidia kuimba. Alisimama baada ya bao la Okwi akaenda zake nyumbani bila kusema neno. Tulicheka sana. Kila nikikumbuka hiyo siku naona aibu, nakuambia ukweli.

Na ujue kocha wetu wa siku ile ndo huyu huyu Desabre aliye na Kongo sasa. Mzee nilipomwambia njiani akasimama katikati ya barabara, akauliza mara mbili, "Yule yule?" Yule yule baba. Akasema basi ana deni na mimi.

Macho yake yamezidi kuharibika, hilo ulijue. Mtoto wa jicho umefunika lile la kulia kabisa na la kushoto anaona kama kwa ukungu. Kibanda kilijaa mpaka mlangoni, watu wa bodaboda, akina mama wa vitenge, vijana waliokimbia vita huko mwaka huu, na mtangazaji anaongea Kiingereza ambacho mzee hakifuati. Tukapata benchi la mbele. Nikainamisha mdomo kwa sikio lake nikaanza kumtangazia kwa Kiswahili, mchezo mzima, yani mimi ndo nilikuwa macho yake. Na yeye akanishika hapa kwa kifundo cha mkono, kidole gumba juu ya mshipa, hakuachia.

Dakika ya 3 tu Onyeka akapiga, mpira ukagonga mtu ukabadili njia, bao. Kibanda kimya. Mzee akasema "bado mapema" kwa sauti ndogo. Kipindi kile Nigeria walikuwa wanatisha, lakini dakika ya 32 Bakambu akatoa pasi safi, Elia akaweka, 1-1, na jamaa mmoja akarukia benchi letu likavunjika mguu, mechi yote iliyobaki tumeicheza tumekaa kimshazari. Kipindi cha pili Osimhen hakurudi, ameumia, nikamwambia mzee, akauliza nani huyo, nikasema ndo simba wao, akatikisa kichwa tu. Kongo wakawa na mpira zaidi lakini bao la pili halikuja, tukaingia dakika za nyongeza, stima ikakatika kama dakika mbili hivi, nilidhani watu watakufa, jenereta ikawaka tukakuta bado 1-1.

Sasa sikiliza hapa. Mwisho mwisho wa dakika 120 nikaona ubao umeinuliwa, Mpasi anatoka. Golikipa! Yule aliyefunga mwenyewe penalti ya ushindi dhidi ya Misri kule Ivory Coast, ndo anatolewa, anaingia Fayulu. Nikamwambia mzee, "Wamebadilisha golikipa." Ndugu, kucha zake ziliingia kwa ngozi yangu. Akaanza kusema "hapana, hapana, wasifanye hivyo, hiyo tulishaifanya." Sikuelewa. Nikamuuliza tulifanya lini, na hapo katikati ya zile kelele akanisimulia kitu ambacho miaka yote niliyokaa kwenu sijawahi kukisikia.

Kumbe 1974 alikuwa kijana wa shule Beni, kwao Kongo. Zaire, ndo Kongo hii ya sasa, walikuwa mabingwa wa Afrika, Ndaye Mulamba amefunga mabao 9 kwenye mashindano yale, na ndo timu ya kwanza ya Waafrika weusi kwenda Kombe la Dunia. Walikusanyika kwa mwalimu mmoja aliyekuwa na redio. Mechi ya pili, na Yugoslavia, kabla nusu saa haijafika ni 3-0, kocha akamtoa golikipa Kazadi akamuingiza Tubilandu. Mzee anasema wao kwa redio walishangilia, wakajua huyu mpya atazuia. Iliisha 9-0. Ndaye akapewa kadi nyekundu kwa kosa ambalo si lake. Mzee alitembea nyumbani akamkuta baba yake, akamdanganya kwamba imeisha sare. Siku tatu baba yake anawaambia wazee wenzake tumetoka sare na Ulaya, mpaka habari ikafika. Hakupigwa. Anasema afadhali angepigwa.

Watu wanaicheka ile timu mpaka leo, ile faulo Mwepu alitoka ukutani akaupiga mpira mbele ya Wabrazili, wanaona ni ujinga. Hawasemi kwamba wachezaji hawakulipwa pesa zao na walikuwa wanacheza na hofu ya serikali mgongoni. Mzee amelibeba hilo miaka 51 kimya, na sisi tulikuwa tunamwimbia "tumewapiga mbili".

Basi penalti. Wewe unajua mimi na penalti. Tangu Namboole 2012, Massa ametufungia, 1-0, jumla 1-1 na Zambia, mabingwa wa Afrika wale, tukafika kwa penalti wakatutoa 9-8. Tulitoka uwanjani hatusemezani mpaka kwenye basi la kurudi Kasese. Tangu siku hiyo penalti yoyote natoka nje, hata za watoto shuleni. Na Jumapili ile nilinyanyuka nitoke, naapa, mguu mmoja ulikuwa umeshavuka benchi. Mzee akavuta mkono. Akasema, "Ukienda nani ataniambia?"

Nikakaa.

Kila mpigaji nikawa namwambia anavyotembea, anavyoweka mpira, na baada ya kila moja anauliza, "Ameweka?" Bassey wa Nigeria akakosa, nikasema hajaweka baba. Afu na wa kwetu akakosa, Nwabali, golikipa wao, alikuwa mzuri kweli. Moses Simon akakosa. Wa kwetu mwingine naye akakosa. Yani kila tukitangulia wanatufikia. Ilipofika ya sita, sare bado, akaja Ajayi, na Fayulu, huyo huyo golikipa aliyeingizwa mwishoni, akaruka akaitoa. Kibanda kililipuka, mzee anapiga kelele "ameweka? ameweka?" na mimi siwezi kujibu, nilikuwa nimeshika kichwa chake kama mtoto nikamwambia, golikipa ameitoa baba, golikipa mpya ameitoa.

Akaja Mbemba, kapteni. Hapo nilifumba macho. Samahani, nilifumba. Kwa hiyo penalti iliyotupa ushindi hakuna aliyeiona kati yetu wawili, tuliisikia tu kwa watu. 4-3.

Tulipotoka nje kelele za ng'ambo Kasindi zilikuwa zinavuka mto, vuvuzela, masufuria, na huku kwetu bodaboda zinapiga honi barabara nzima. Kocha wa Nigeria ati akalalamika kwamba kwa benchi la Kongo kuna mtu alifanya uchawi. Mzee aliposikia kesho yake aliumia kweli. Alisema wachezaji wale waliziba midomo yao kwa mkono na kuweka vidole kichwani kama bunduki kuionyesha dunia watu wanavyokufa huku mashariki ya Kongo, leo wameshinda mnasema uchawi. Sikuwa na la kuongeza.

Lakini usiku ule njiani alitembea kimya mpaka karibu na kwenu. Afu akaniuliza, "Kombe la Dunia tumeenda?" Nikamwambia bado baba, hapa tumeshinda Afrika tu, imebaki mechi moja Mexico mwezi wa tatu, mshindi kati ya Jamaica na New Caledonia atakutana na sisi. (Hilo la wapinzani nilikuja kumwambia baadaye droo ilipotoka, ila ndo hivyo.) Akasimama mlangoni akauliza, "Machi ni miezi mingapi?" Nikamhesabia kwa vidole vyake mwenyewe, Desemba, Januari, Februari, Machi. Akasema, "Ile operesheni ya macho, wanaifanya siku ngapi?"

Ndugu yangu, miaka miwili tumemwomba. Wewe umelia naye kwa simu, mimi nimemletea mpaka dada wa kliniki nyumbani, akakataa, kisu hakitaki. Na sasa ameuliza mwenyewe. Nimeshaenda kuulizia, jicho moja moja, wanataka afanyiwe la kushoto kwanza Januari ili lipone kabla ya Machi. Mimi nimeweka laki mbili pembeni. Wewe tuma unachoweza kabla ya Krismasi, hata kidogo, usisubiri kiwe kingi, asije akabadili mawazo. Mechi za Mexico kwetu zitakuwa usiku mkubwa na anasema safari hii hataki mtangazaji.

Ukimpigia piga jioni baada ya saa moja, asubuhi anakuwa shambani na simu anaiacha kwa dirisha. Muulize kuhusu Beni na redio ya mwalimu, atakuambia. Ile ya 2019 mwachie aanze yeye.

Ndugu yako wa hapa mtoni